Sura ya Tano: Dozi Iliyokataliwa

Mwaka 1916, katika maabara ya fiziolojia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean alichukua bika yenye damu ya paka, akaikoroga pamoja na kitu alichokichuja kutoka kwenye ini la mnyama, kisha akaiweka juu ya meza ya profesa wake, William Howell. Akamwomba amwarifu damu hiyo itakapoganda. Damu ikitoka mwilini huganda ndani ya dakika chache. Ile haikuganda hata kidogo.

McLean alikuwa ametumwa kutafuta kinyume chake. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza kiini kinachosaidia damu kuganda, na katika kuhangaika nacho akakutana na kingine kinachoizuia. Howell aliendelea na utafiti huo, na mwaka 1918 akakipa kiini cha namna hiyo jina la heparini. Ilichukua miaka mingine mingi kuisafisha. Kazi hiyo ilifanyika zaidi Toronto, Kanada, chini ya Charles Best, yuleyule aliyeshiriki kugundua insulini. Kuanzia mwaka 1935 madaktari wa Kanada na Sweden wakaanza kuwapa binadamu dawa hiyo.

Leo heparini na dawa zilizozaliwa kutokana nayo zinapatikana karibu kila nchi duniani. Hutolewa kwa sindano ndogo inayochomwa chini ya ngozi, mara nyingi tumboni, na kazi yake kubwa wodini ni moja: kuzuia damu ya mgonjwa aliyelazwa isigande ndani ya mishipa yake.

Karibu karne moja baada ya ile bika ya damu, watafiti wa hospitali ya chuo hichohicho cha Johns Hopkins walikagua kumbukumbu za dozi zaidi ya 100,000 za dawa hizo zilizokuwa zimeandikwa na madaktari. Takriban asilimia 12 hazikuwa zimemfikia mgonjwa. Dawa ilikuwapo famasia. Daktari alikuwa ameiandika. Muuguzi alikuwa zamu. Na sababu iliyojazwa mara nyingi kuliko zote kwenye chati ilikuwa fupi: mgonjwa amekataa.

Sura hii inahusu hatua hiyo ya mwisho, ile inayotoka kwenye faili hadi kwenye ngozi ya mgonjwa. Sayansi ya kuzuia damu kuganda hospitalini tunayo kwa zaidi ya nusu karne. Kinachoendelea kuua ni dozi ambayo haikuandikwa, dozi iliyoandikwa ikarukwa, na swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwa nini damu igande ndani ya mshipa?

Kuganda kwa damu ni neema. Bila uwezo huo, mkwaruzo wa kisu cha jikoni ungetumaliza. Shida huanza damu inapoganda mahali ambapo hakuna kidonda, ndani ya mshipa usiopasuka, hasa mishipa mikubwa ya vena iliyo ndani kabisa ya miguu.

Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufanya kazi zake kubwa mjini Berlin, ndiye aliyeonyesha katikati ya karne ya 19 kwamba mabonge yanayokutwa kwenye mapafu ya maiti hayakuzaliwa humo. Yalianzia kwenye vena za mbali, yakang'oka, yakasafiri na damu. Mafundisho yanayobeba jina lake hadi leo yanataja mambo matatu yanayoiponza damu: kutuama, kuumia kwa ukuta wa mshipa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida.

Mtazame sasa mgonjwa aliyelazwa. Damu ya miguuni hupanda kurudi kwenye moyo kwa kusukumwa na misuli ya shavu la mguu kila mtu anapopiga hatua. Mgonjwa aliyelala siku tano hapigi hatua, kwa hiyo damu inatuama. Kisu cha upasuaji, mfupa uliovunjika au mpira wa dripu uliokaa siku nyingi huumiza ukuta wa mshipa. Na mwili uliojeruhiwa, wenye maambukizi makali, saratani au uliotoka kujifungua huongeza wenyewe viini vya kugandisha damu, kwa sababu unajihami dhidi ya kutokwa damu. Mambo yote matatu ya Virchow yamekutana juu ya kitanda kimoja.

Bonge linaweza kuanza dogo nyuma ya vali ya vena kwenye shavu la mguu, likarefuka kupanda pajani bila mgonjwa kuhisi lolote. Mengi hayaonyeshi dalili. Likikatika, hupita kwenye vena kubwa ya tumbo, huingia upande wa kulia wa moyo na kutupwa kwenye ateri ya mapafu. Likiwa dogo, mgonjwa atahisi kichomi na pumzi kumpungukia. Likiwa kubwa, huziba njia ya damu kwenda mapafuni na moyo hushindwa kusukuma. Ndiyo maana simulizi za vifo hivi hufanana: mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, kidonda kinapona, ndugu wamekwisha kuanza kuuliza ataruhusiwa lini. Akainuka kwenda msalani, akaanguka, hakuamka tena.

London, mwaka 1940

Ushahidi kwamba kutojongea kwenyewe kunaua ulipatikana nje ya hospitali. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiiangushia London mabomu usiku baada ya usiku, maelfu ya watu walikuwa wakilala kwenye mahandaki na vyumba vya chini ya ardhi. Vitanda havikutosha. Wengi walikesha kwenye viti vya turubai vya kukunjwa, ubao wa mbele wa kiti ukiwabana nyuma ya mapaja kwa saa nyingi.

Daktari Keith Simpson, aliyekuwa akichunguza maiti katika jiji hilo, akaona jambo lililomshtua. Watu walitoka salama kwenye mahandaki asubuhi, kisha wakaanguka na kufa. Alipowapasua alikuta bonge la damu limeziba ateri ya mapafu. Akalinganisha vifo vya aina hiyo na vya miezi kama hiyo ya mwaka uliotangulia, akakuta vimeongezeka mara sita. Alichapisha taarifa yake mwaka huohuo katika jarida la Lancet na kutaka watu wapewe vitanda vya kulalia badala ya viti.

Watu wale hawakuwa wamepasuliwa wala kulazwa. Walikaa tu bila kujongea, miguu ikiwa imebanwa. Mgonjwa wa wodini ana yote hayo, na juu yake ana kidonda.

Ushahidi ulivyopatikana

Baada ya vita, hospitali ya majeruhi ya Birmingham ilikuwa na mtaalamu wa kuchunguza maiti aitwaye Simon Sevitt. Wazee waliovunjika shingo ya paja walikuwa wakifa mikononi mwa madaktari hodari, na kila mara alipofungua mapafu alikuta bonge. Yeye na mwenzake Gallagher wakachukua wagonjwa 300 wa aina hiyo. Nusu wakapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, nusu wakatibiwa kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959. Katika kundi lisilopewa dawa, karibu mtu mmoja kati ya kumi aliuawa na bonge la mapafu. Katika kundi lililopewa, vifo vya namna hiyo vilikaribia kutoweka.

Utafiti uliowashawishi madaktari wa upasuaji kote duniani ulikuja mwaka 1975. Uliongozwa na Vijay Kakkar wa King's College Hospital, London, na ulihusisha wagonjwa 4,121 wa nchi mbalimbali, wote wenye umri wa zaidi ya miaka 40 na wote waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Wengine walipewa heparini kidogo, uniti 5,000 kwa sindano, kuanzia kabla ya upasuaji, wengine hawakupewa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba katika kundi lisilopewa, watu 16 waliuawa na bonge kubwa la mapafu. Katika kundi lililopewa walikuwa wawili.

Kulikuwa na gharama pia, na ni haki msomaji aijue. Waliopewa heparini walipata zaidi uvimbe wa damu kwenye vidonda vyao. Dawa inayozuia damu kuganda inaweza kumtoa mtu damu, na hakuna namna ya kulikwepa hilo. Ndiyo sababu haigawiwi wodi nzima bila kuchagua. Mgonjwa aliyetoka kuvuja damu kwenye ubongo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, au mwenye chembe sahani za damu chache mno, hapewi hadi hali ibadilike. Anayeumwa figo hupimiwa dozi kwa uangalifu zaidi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hatari hii ni ya wagonjwa wa upasuaji peke yao. Mwaka 1999 utafiti uliopewa jina la MEDENOX ukawaangalia wagonjwa 1,102 waliolazwa kwa magonjwa ya kawaida ya wodi ya ndani: moyo kushindwa kufanya kazi, mapafu, maambukizi makali. Kati ya wale waliopewa sindano isiyo na dawa, karibu asilimia 15 walipata bonge, ingawa mengi yaligunduliwa kwa vipimo tu. Waliopewa miligramu 40 za enoksaparini, ambayo ni ndugu wa heparini, waliopata walikuwa asilimia 5.5.

Basi elimu ilikuwapo. Lakini mwaka 2008, utafiti uliokagua hospitali 358 katika nchi 32 na wagonjwa zaidi ya 68,000 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa walikuwa kwenye hatari ya damu kuganda. Kati ya wagonjwa wa upasuaji waliokuwa hatarini, asilimia 58.5 ndio waliokuwa wakipata kinga inayopendekezwa. Katika wodi za ndani hawakufika hata asilimia 40.

"Unaitaka leo, au tuiache?"

Turudi Baltimore. Daktari wa upasuaji wa majeruhi Elliott Haut na wenzake wa Johns Hopkins walianza kwa kujiuliza kwa nini madaktari wao, wanaojua vizuri ushahidi huu wote, hawaandiki dawa. Jibu walilolipata ni kwamba kila daktari aliachiwa akumbuke mwenyewe, na usiku wa zamu yenye majeruhi kumi mtu husahau. Wakatengeneza utaratibu wa kompyuta usiomruhusu daktari kukamilisha maagizo ya kumlaza mgonjwa mpaka ajibu maswali machache: mgonjwa ana visababishi gani vya damu kuganda, na je, kuna kinachozuia asipewe dawa? Kompyuta ikapendekeza kinga inayomfaa.

Utaratibu huo uliongeza idadi ya waliopata kinga sahihi, na ulifichua jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Kabla yake, wanaume majeruhi waliokosa kinga inayostahili walikuwa asilimia 31, na wanawake asilimia 45. Hakuna daktari aliyekuwa ameamua kuwabagua wanawake. Maswali yaleyale yalipoanza kuulizwa kwa kila mgonjwa, pengo hilo likafutika.

Wangeweza kuishia hapo. Dawa sasa ilikuwa ikiandikwa. Lakini walipofuata dozi hadi kitandani wakakuta zile asilimia 12 zilizopotea njiani, na baadhi ya wodi zikipoteza nyingi kuliko nyingine ilhali zina wagonjwa wanaofanana. Wagonjwa wa wodi moja hawawezi kuwa wakaidi kuliko wa wodi ya jirani. Ikabidi waangaliwe wauguzi.

Walichokikuta ni jambo ambalo yeyote aliyewahi kulazwa atalitambua. Dawa ya shinikizo la damu ikiletwa, muuguzi humwambia mgonjwa, "Dawa yako hii." Antibayotiki ikiletwa, hivyohivyo. Ilipofika zamu ya sindano ya kuzuia damu kuganda, sauti ilibadilika ikawa ya kumpa mtu hiari: unaitaka leo, au tuiache? Mgonjwa amechoka, tumbo lina alama za sindano za jana, na anayemuuliza anaonekana mwenyewe hana uhakika. Atasema tuiache. Kwenye chati hujazwa kwamba mgonjwa amekataa. Baadhi ya wauguzi waliamini kwa moyo safi kwamba mgonjwa anayeinuka na kutembea chumbani haihitaji tena. Imani hiyo haina msingi. Kutembea kunasaidia na kunapaswa kuhimizwa, ila hatua chache za kwenda msalani na kurudi haziondoi athari ya upasuaji au ya maambukizi kwenye damu.

Dawa waliyoibuni kwa tatizo hili ilikuwa mazungumzo. Kila dozi iliporekodiwa kuwa haikutolewa, ujumbe ulikwenda papo hapo kwa muuguzi mwelimishaji, naye akaenda kitandani. Alimweleza mgonjwa bonge la damu ni nini, kwa nini yeye yuko hatarini, na sindano inafanya nini. Aliyependa kusoma alipewa karatasi ya kurasa mbili, aliyependa kutazama alionyeshwa video ya dakika kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika wodi zilizopata huduma hiyo, dozi zisizotolewa zilishuka kutoka asilimia 9.1 hadi 5.6. Katika wodi nyingine zilibaki karibu palepale, juu ya asilimia 13.

Wagonjwa wengi waliokataa hawakuwa wamekataa. Hawakuwa wameelezwa.

Fomu ya lazima

Uingereza ilipita njia nyingine. Mwaka 2005, kamati ya afya ya Bunge ilikadiria kwamba watu 25,000 hufa England kila mwaka kwa mabonge ya damu yanayopatikana hospitalini na yanayoweza kuzuilika. Mwaka 2010 serikali ikaweka masharti: angalau asilimia 90 ya watu wazima wanaolazwa wapimwe hatari yao ya damu kuganda, na hospitali isiyofikisha ipungukiwe na malipo. Upimaji wenyewe ni fomu ya ukurasa mmoja tu. Mwanzoni karibu nusu tu ya wagonjwa ndio waliokuwa wakijaziwa. Ndani ya miaka michache nchi ikavuka lengo, na takwimu zikaonyesha vifo vya mabonge vikipungua zaidi katika hospitali zilizolifikia.

England haikugundua dawa mpya. Ilikataa tu kumwachia kila daktari kumbukumbu yake.

Njia zisizo za dawa nazo zilichunguzwa kwa macho makavu. Soksi ndefu za kubana, ambazo hospitali nyingi zilikuwa zikiwavisha wagonjwa wa kiharusi, zilipimwa kwa wagonjwa 2,518. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba haziwasaidii wagonjwa hao na zinawachubua ngozi. Mifuko ya plastiki inayofungwa miguuni na kujaa hewa kwa zamu, ikiiminya misuli kisha kuiachia, ilipimwa kwa wagonjwa 2,876 wa kiharusi wasioweza kutembea. Mwaka 2013 ikaonekana inapunguza mabonge kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5. Kwa asiyeruhusiwa dawa, hiyo ni nafuu ya kweli.

Wodi zetu

Msomaji wa Tanga, Kisumu au Bukavu asidhani haya ni mambo ya wazungu wazee wanene. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 chini ya Ashish Jha wa Chuo Kikuu cha Harvard ulikadiria kwamba damu kuganda kutokana na kulazwa huwapata karibu watu milioni 10 kwa mwaka duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na selimundu, magonjwa tunayoyajua kwa majina na kwa nyuso, kila moja huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Kuna makundi mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi Afrika Mashariki. La kwanza ni majeruhi wa barabarani. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja huweza kulala wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa vizito, akisubiri zamu ya upasuaji. Toronto, mwaka 1994, wagonjwa 349 wenye majeraha makubwa wasiopewa kinga walipigwa picha za vena. Asilimia 58 walikuwa na bonge mguuni. Kijana huyo ana miaka 22, ana nguvu, na kila mtu anaona tatizo lake ni mfupa.

Kwa wagonjwa kama yeye kuna habari njema kwa nchi zenye bajeti finyu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 12,211 wa Marekani na Kanada waliovunjika mifupa. Nusu walipewa sindano za enoksaparini, nusu vidonge vya aspirini. Vifo ndani ya siku 90 havikutofautiana, ingawa mabonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa waliopewa aspirini. Kidonge hicho bei yake ni ndogo na hakihitaji friji. Hata hivyo, uamuzi wa nani apewe kipi ni wa daktari anayemwona mgonjwa. Aspirini ya dukani iliyonunuliwa kwa kukisia inaweza kuleta maafa yake.

Kundi la pili ni kina mama. Mimba huongeza hatari ya damu kuganda mara nne au tano, na wiki sita za baada ya kujifungua ndizo mbaya kuliko zote. Upasuaji wa kujifungua huongeza zaidi. Wiki sita hizo karibu zinalingana na arobaini, kipindi ambacho Pwani yote mzazi hupumzishwa, hulishwa uji na supu, na kazi hufanywa na wengine. Desturi hiyo ina hekima kubwa na haipaswi kuachwa. Ila kupumzika kusigeuke kulala kutwa. Mzazi aliyepasuliwa ainuliwe mapema kadiri wakunga watakavyoelekeza, atembee ndani ya nyumba mara nyingi kwa siku, anywe maji ya kutosha. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe wala kukandwa kwa nguvu. Kuchua kunaweza kulikata bonge na kulipeleka kifuani. Mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuna swali jingine ambalo Waislamu wengi hulibeba moyoni wasilitamke. Heparini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na enoksaparini hutokana na heparini hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli huo na haki ya kuuliza mbadala. Ipo dawa ya kutengenezwa maabara iitwayo fondaparinaksi, na kwa baadhi ya wagonjwa vipo vidonge. Wanazuoni wengi wameruhusu heparini kwa hukumu ya dharura pale mbadala usipopatikana. Linalodhuru ni mgonjwa kukataa kimyakimya, muuguzi akaandika "amekataa", na mazungumzo yakaishia hapo.

Sisi tuna kitu ambacho watafiti wa Baltimore walilazimika kukiajiri. Karibu kila mgonjwa wetu ana ndugu kitandani. Mama, dada au shemeji huleta chakula, hugeuza mgonjwa, hufua shuka na hujua dawa ipi imeletwa asubuhi na ipi haikuletwa. Ndugu huyo akielewa, dozi haipotei kwa urahisi.

Maswali ya kuuliza kitandani

Siku ya kulazwa, muulize daktari anapopita raundi: "Samahani dokta, mgonjwa wetu yuko kwenye hatari ya damu kuganda? Anapewa kinga gani?" Mweleze bila kuulizwa kama mgonjwa au ndugu yake wa damu aliwahi kupata bonge la damu, kama ana saratani, kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kama ni mjamzito au amejifungua karibuni, na kama aliwahi kutokwa damu nyingi au ana vidonda vya tumbo. Majibu hayo ndiyo yanayoamua.

Dawa ikiandikwa, uliza ni mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, kisha ifuatilie. Isipoletwa, muulize muuguzi kwa adabu sababu yake. Ikiwa imeisha famasia, ijulikane mapema ili daktari achague nyingine. Ikiwa mgonjwa anaogopa sindano, mwelezeni pamoja. Alama ndogo ya bluu tumboni ni ya kawaida. Damu kwenye mkojo, choo cheusi au kidonda kinachoendelea kuvuja ni mambo ya kumwita daktari mara moja.

Mgonjwa asiyeweza kutembea akunje na kukunjua nyayo mara nyingi kadiri awezavyo. Anayeweza, atembezwe, bila kuifanya hiyo sababu ya kuacha dawa.

Hatari haiishii kwenye geti la hospitali. Mabonge mengi hujitokeza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, hadi miezi mitatu baadaye. Aliyebadilishwa nyonga huweza kuhitaji kinga kwa takriban wiki tano. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa uliza kama dawa inaendelea. Na nyumba nzima ijue dalili: mguu mmoja kuvimba, kuuma au kupata joto; pumzi kukata ghafla; kichomi kinachozidi mtu akivuta hewa; kukohoa damu; kuzimia. Mwenye lolote kati ya hayo anarudishwa hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwa wasomaji wenye mamlaka, waganga wakuu, wasimamizi wa wodi, walimu wa vyuo vya uuguzi, ombi langu ni jepesi kuliko mengi mnayoletewa. Fomu ya ukurasa mmoja haihitaji mfadhili. Iwekeni kwenye kila faili la mtu mzima anayelazwa, ijazwe kabla hajafika kitandani, na mkuu wa wodi ahesabu kila wiki dozi ngapi ziliandikwa na ngapi zilitolewa. Mfundisheni muuguzi aseme "dawa yako hii" na aweze kueleza kwa nini. Bonge la damu linalompata mtu hospitalini ni kifo kinachozuilika mara nyingi, na kifo kinachozuilika kisipozuiliwa lazima awepo wa kukitolea majibu.